Matanga ya Mtu wa Ndege

Mwezi uliopita nilikutana na Mapendo kwenye ngazi za umeme za stesheni ya Sandton, yeye akipanda, mimi nikishuka. Tulitambuana tukiwa tumeshapishana, na kwa kuwa ngazi zile hazimsubiri mtu, tulibaki tunageuza shingo na kupunga mikono mpaka kila mmoja akafikishwa alikokuwa akienda. Nikapanda kumfuata. Kumbe naye ameshashuka kunifuata, tukapishana tena, na hapo tukacheka mpaka mlinzi wa stesheni akasogea kuuliza kama kuna tatizo. Mwisho nilimpigia ukelele asimame alipo, mbele ya mabwana wa benki na tai zao. Tulikaa kwenye benchi karibu nusu saa. Anapika sasa kwenye kantini ya ofisi moja ya hapo Sandton, amenenepa, na ana mtoto anayemjibu kwa Kizulu kila anapomsemesha Kiswahili. Wangu ananijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo hatukuwa na la kuchekana. Tuliongea magoti, tuliongea kodi, tuliongea watoto. Jina la Trésor hakulitaja, nami sikulitaja. Treni yake ilipokuja alinikumbatia, akaniambia, "Zai, ungali unatembea haraka-haraka sawa mutu anakimbizwa," akaingia, mlango ukajifunga. Nilirudi nyumbani na kichwa kilichovurugika, na tangu siku hiyo najaribu kukipanga na kinakataa.

Wanaoandika maisha yao huanza na babu. Mimi babu namwacha alale. Nimetoka Kigoma, na hiyo inatosha. Ninachotaka kukisema ni mwaka mmoja tu, 2016, nilipokuwa na miaka ishirini na minne, ulimi mrefu kuliko akili, na godoro moja tunalolala wawili kwenye ghorofa ya saba ya jengo linalotazama Joubert Park. Lifti ilikuwepo, ila ilikuwa imekufa kabla hatujahamia. Chumba cha ndani kilikuwa cha Yaya Espé, mwanamke wa Lubumbashi, msusi, ambaye ndiye aliyepanga nyumba. Yaya kwao ni dada mkubwa, na ndivyo tulivyomwita sote. Sebuleni, nyuma ya pazia la kitenge, tulilala Mapendo na mimi. Mapendo alikuwa ametoka Kivu ya Kusini, huko milimani juu ya ziwa, na alikuwa mpishi kwenye mkahawa wa Wakongo wa Hillbrow. Dirisha letu lilikuwa halifungi vizuri, kwa hiyo kutwa nzima tulisikia wapiga picha wa bustanini wakiita wateja, na wazee wakigombana juu ya ile drafti kubwa ya chini ambayo kete zake zinamfika mtu magotini. Kwenye ngazi zilipita lugha za nusu ya Afrika. Ndani kwetu kulikuwa na Kiswahili kimoja chenye midomo mitatu. Wao walisema bantu na batoto, mimi nilisema watu na watoto, nao walikuwa wakinicheka eti naongea kama redio.

Jumapili ndiyo tulikuwa tunakula pamoja, na ndipo ugomvi ulipokuwa. Yaya Espé alitaka bukari ya mahindi, nyeupe, ngumu. Mapendo alisema bukari ya mahindi ni chakula cha kuku, mtu hula fufu ya muhogo. Mimi niliwaambia wote wawili kwamba wanapigania ugali, wakaniambia ninyamaze nile. Sombe ilikuwa ya Mapendo. Aliitwanga mwenyewe sakafuni, juu ya taulo lililokunjwa ili jirani wa chini asije kugonga mlango, na mpaka leo sijala majani ya muhogo yaliyoiva vile. Nikikumbuka furaha ya mwaka ule, nakumbuka beseni moja la bluu na mikono mitatu ndani yake, na Yaya Espé akisukumia vipande vya samaki upande wangu huku akijifanya hafanyi hivyo.

Mchana nilikuwa namsaidia Yaya kusuka. Tulikuwa na viti viwili vya plastiki kando ya barabara, karibu na roboti, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, na magari yaliposimama kwenye taa nyekundu abiria walikuwa wanachagua mitindo kwenye bango letu. Simu yake ilikuwa ikiita sana, naye mikono haikuwa tupu kamwe. Siku moja akaniambia, "Zai, shika simu ile, mikono yangu iko mu kichwa ya mutu." Nikapokea. Sauti ya kijana, yenye mkwaruzo, ikasema, "Allô, yaya?" Nikamjibu kwamba yaya anasuka, aseme shida yake. Akacheka kwa puani. Akauliza, "Na weye ni nani, sekretere?" Nikamwambia mimi ni meneja. Hivyo tu ndivyo ilivyoanza. Alikuwa Trésor, mdogo wake Yaya Espé, wa mwisho, aliyemlea mwenyewe. Baada ya wiki moja alikuwa hapigi tena simu ya dada yake. Alikuwa ananitumia mimi sauti zake kwenye simu yangu, ndefu, nyuma yake jogoo wakiwika na injini ikijaribiwa, na kila moja aliifungua kwa kuuliza kama nimekula.

Yaya alikuwa akiwaambia wateja, "Mudogo yangu ni mutu ya ndege," akiwa na fahari zote, na wateja walidhani labda ni wa shirika la abiria. Mapendo naye alidhani hivyo. Mimi Trésor aliniambia mwenyewe kwamba ni soda, yaani askari, na kwamba ndege yake ni kuukuu ya mizigo inayofunguka nyuma. Nikamuuliza kama ndiye rubani. "Hapana," akasema, "pilote eko mbele. Mi niko nyuma, naangalia kule tunatoka." Nikamuuliza kazi yake huko nyuma ni nini. Akasema, "Nasukuma." Nikamuuliza anasukuma nini, akasema mizigo. Mlango unafunguka, kengele inalia, anasukuma, inaenda. "Inaenda kwa nani?" nikauliza, kwa utani, maana mdomo wangu ulikuwa haujui kupumzika. Akasema, "Zai, kule juu hatuone kintu. Iko mawingu na miti. Nasukuma tu. Hatuone." Kisha akauliza kama nimekula.

Sikuwa mjinga. Askari hasukumi magunia ya maharage angani. Lakini kujua ni kitu kimoja na kulifikiria ulijualo ni kitu kingine, na mimi nilikuwa nafikiria mengine. Nilimpenda. Naandika hivyo hivyo, bila kulipaka rangi. Nilimpenda kijana ambaye sikuwahi kumshika mkono, kwa sababu ya kicheko chake na kwa sababu hakuna mtu mwingine katika mji huu aliyekuwa anauliza kama nimekula. Alisema zamu yake ikiisha atashuka Zambia kwa basi, ateremke mpaka Park Station, nami nikampokee pale. Yaya Espé alikuwa ameshaanza kuniita wifi mbele ya wateja. Usiku nikilala nilikuwa nampa Mapendo upande mmoja wa spika za masikioni, tunasikiliza wote, naye ananipiga kiwiko: "Huyu anaongea sawa pasta." Kwa hiyo sauti yake aliijua. Hilo ndilo linalonichanganya zaidi ya yote, kwamba sauti yake aliijua na aliichekea.

Habari ya mama yake mzazi, Mapendo alinipa mara moja tu, Jumapili moja tukiparua samaki. Alisema mama yake alikuwa kwenye kijito, anatoa mihogo aliyoiloweka. Wapiganaji wa msituni walikuwa wamelala kijijini usiku kucha na wameshaondoka alfajiri. Ndege ikaja mchana, ya kufunguka nyuma. Ikapita, ikarudi. Walichozika kilikuwa kidogo. Akasema hivyo, akanyoosha mkono akaniambia nimpe kisu kile kingine, hiki hakina makali. Nikampa. Leo mtu anaweza kuniuliza kwa nini sikuunganisha. Ningeunganisha vipi? Nchi ile ni kubwa kama bahari, milima ni mingi, vita ni vingi, na kila Mkongo niliyemjua Johannesburg alikuwa na mtu aliyekufa vitani. Ukianza kuunganisha utashindwa kusalimia watu kwenye ngazi.

Halafu habari ikaja, ikaja vibaya. Simu ya kwanza ilisema ndege imeanguka. Iliyofuata ikasema haikuanguka, imepigwa. Mwingine akasema imetua salama ila Trésor hakuwemo. Mwingine tena akasema alikuwemo na yuko hospitali, amevunjika mguu, anaomba bukari. Siku kadhaa zilikwenda hivyo. Mimi nilikuwa nataka kulia na sijui kama nina haki ya kulia. Yaya Espé alikuwa anasuka. Nilimwambia tufunge kazi, akanitolea macho. "Kwetu hatulie mutu mbele ya tangazo," akasema. "Ukimulilia muzima, unaita kifo yake kwa jina. Mujomba atatangaza. Kama hatangaze, mutoto eko muzima." Akaendelea kusuka, akivuta nywele mpaka wateja wanalalamika, "Eish, dada, unaning'oa." Mjomba huyo alikuwa mkubwa wa ukoo, Lubumbashi. Alhamisi mchana alipiga. Nilishika simu mimi, mikono ya Yaya ikiwa kichwani mwa mtu, nami nikaisogeza sikioni mwake. Sikusikia aliloambiwa. Nilimwona tu anamalizia msuko aliokuwa ameushika, anaufunga mwisho kwa uzi, vizuri, kisha anakaa chini barabarani na kupiga yowe ambalo liliwafanya hata madereva wa teksi wazime muziki. Mwili haukupatikana. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Waswahili husema kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikijiuliza mimi ni mfiwa au ni wa mbali. Machozi hayakuja. Nilifungua simu nikaweka sauti yake, naye akaniuliza kama nimekula, nikajibu kwa sauti kubwa, "Bado," na mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa akahamisha kiti chake.

Chama cha watu wa Lubumbashi kilikuja siku hiyo hiyo. Mkubwa wao alikuwa Papa Ilunga, mlinzi wa jengo moja la Hillbrow, mtu mrefu mpole, ambaye alifika na koti lake la kazi kwa kuwa ametoka zamu moja kwa moja. Viti na meza vilitolewa kwenye korido, magodoro yakapangwa ukutani, pazia letu likashushwa. Meza ndogo tu ilibaki, ya picha na mshumaa. Picha ndiyo ilikuwa tabu. Yaya alikuwa na za Trésor akiwa mwanafunzi, kaptula na masikio makubwa. Ya ukubwani ilikuwa moja, iliyotumwa na askari mwenzake. Amesimama nyuma ya ndege, mikono ya shati imekunjwa, anacheka, na mkono wa kulia ameuweka juu ya bomu kama mtu aliyemshika mbuzi wake mnadani. Yaya alimpelekea mmoja wa wapiga picha wa bustanini aikuze, akamwambia alitoe lile bomu. Jamaa alilitoa kweli, kwa kompyuta yake, akapaka rangi ya nyasi mahali pake, kwa hiyo kwenye ile picha ya mezani mkono wa Trésor ulikuwa umeshika hewa. Waombolezaji walikuwa wanaitazama, wanaguna, wanasema kijana alikuwa muzuri.

Ila ile ya kwanza, yenye bomu, ilikuwa inatembea kwenye simu za watu. Mapendo alirudi kutoka kazini na fungu la sombe kwapani, hajui tangazo limetoka, akawakuta wanawake wamejaa. Mama mmoja akampa simu ili amwone marehemu. Nilikuwa namtazama. Aliitazama sura, akatikisa kichwa kwa huruma. Halafu akaikuza picha kwa vidole viwili, na hakuikuza sura. Akauliza, "Ndege yake ilikuwa ya hivi? Ya kufunguka nyuma?" Mama yule akasema yeye hajui mambo ya ndege. Mapendo akanitazama mimi. Niliinamisha macho, na hilo likamtosha. Alirudisha simu kwa mikono miwili, kwa adabu, akaenda jikoni. Nikasikia maji yanafunguliwa kwenye sufuria kubwa.

Nilitaka kumfuata, lakini Yaya Espé alikuwa ameshanishika mkono. Alinikalisha kwenye godoro la mbele, karibu na picha, akawaambia wanawake, "Huyu ni bibi yake." Bibi kwao ni mke. Walinifunga kitambaa kichwani, wakanivika kitenge cha msiba, kilekile walichovaa ndugu wa damu. Mimi, Mwislamu wa Kigoma, nimekaa kati ya nyimbo za kanisani, mjane wa mtu ambaye hata urefu wake siujui. Na nitasema ukweli: nilipenda. Katika kuchanganyikiwa kote kule, nilipenda kwamba kuna mahali nimewekwa, na kwamba wageni wanaoingia wananishika mabega wakisema pole mama. Machozi yalikuja hapo, na yalikuwa ya kweli.

Mwenye msiba hapiki. Hiyo ni sheria kwao na kwetu. Moto unawashwa na mtu wa nyumba ambaye si wa damu, na katika nyumba ile mtu huyo alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo Mapendo alipika. Aliomba ruhusa kazini, akapika siku zote za matanga, chai ya asubuhi, maharage, sombe, bukari ya mahindi aliyoichukia, ya kushibisha watu wanaojaa mpaka korido. Siku moja niliponyoka godoroni nikamfuata jikoni. Nikamwambia aache, nitamwambia Yaya anaumwa. Alikuwa anasonga, uso umejaa mvuke. "Nani atapika?" akauliza. "Weye? Mwenye kufiwa hapiki." Nikasema, "Mapendo, hatujui kama ni ndege ile." Akasema, "Ni kweli, hatujue." Nikasema, "Basi usinichukie." Hapo aliacha kusonga. Akanitazama kile kitambaa cha kichwani, na kitenge, taratibu, kama fundi anayekagua mshono wa mwenzake. "Zai," akasema, "rudi ku godoro yako."

Nilirudi. Tangu mwanzo wa matanga alikuwa analala kwenye sakafu ya jikoni, maana sebule ilijaa wageni, na mimi nilikuwa nalala kati ya wanawake nisiowajua wanaonishika mkono usingizini. Nilikuwa nataka vitu viwili tu katika dunia: nimlilie Trésor, na Mapendo abaki kuwa mtu wangu. Kila nilipokikamata kimoja, kingine kiliniponyoka. Nikimlilia, nilikuwa naona kijito na mihogo. Nikikiona kijito, nilikuwa namsikia akiniuliza kama nimekula. Nilijaribu kumchukia nikashindwa, nilijaribu kumtetea nikashindwa, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu watu wangu wawili wa kuwaambia walikuwa mmoja amekufa na mwingine ndiye huyo jikoni. Hata leo, nikiwa na mvi za kwanza na mume na mambo ya kunishughulisha, sijui mtu anatakiwa ahisi nini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wanasema. Na ya nje ya kaburi je?

Siku ya kuondoa matanga ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali, madirisha wazi. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote kwa kuwa siku ya mwisho hula vizuri. Sahani zilikuwa zimeshaanza kugawiwa, bukari na sombe na samaki, na wenye njaa walikuwa wameshamega, wakati Papa Ilunga aliposimama kusema maneno ya kufunga. Kuna maneno ambayo lazima yasemwe, kwao kama kwetu, na hakuna anayeyasikiliza sana. Alisema, "Kama eko mutu marehemu alimukosea, ao alimuahidi kintu, ao alibeba kintu yake, aseme leo mbele ya bantu. Kesho hatusikilize. Familia iko hapa, itabeba." Hapo kwa kawaida watu hutazama miguu yao, mmoja anakohoa, na sala inafuata.

Mapendo alisema, "Mimi namudai."

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, anafuta mikono kwenye kanga yake. Papa Ilunga akatabasamu. "Mama ya jikoni, usiogope, chama hakikusahau malipo yako," akasema, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha mwisho wa msiba.

"Sidai ya jikoni," Mapendo akasema. "Namudai mama yangu."

Alisimulia kwa maneno machache, yaleyale aliyonipa mimi tukiparua samaki. Kijito, mihogo, ndege inayofunguka nyuma, imepita, imerudi. Hakupandisha sauti. Yaya Espé aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa siku zote zile, na alimtazama Mapendo kama mtu anayeamshwa. "Unajuaje ni ndege yake?" akauliza. "Ndege ziko mingi."

"Sijue, Yaya."

"Sasa?"

"Papa ameuliza. Nimejibu."

Yaya akanigeukia mimi, na chumba chote kikanigeukia pamoja naye. "Zai. Weye njo ulikuwa unaongea naye. Alikuambia nini?" Nilikuwa godoroni, na kitambaa changu cha ujane kichwani. Ningeweza kusema hakuniambia kitu. Nilisema nililolijua. "Alisema hawaoni. Alisema wakiwa kule juu hawaoni kitu, wanasukuma tu."

Nilidhani nimemsaidia mtu, sijui yupi. Mapendo alitikisa kichwa polepole, akikubali. "Ni kweli," akasema. "Bao habatuone. Lakini siye tulikuwa tunabaona. Mulango inafunguka, tunabaona bamesimama."

Kisha mwanaume mmoja aliyekaa karibu na dirisha akaiweka sahani yake sakafuni, taratibu, bila mlio. Jirani yake akamtazama, akamtazama Mapendo, naye akaiweka yake. Ndipo nilipoelewa. Wakongo wanaogopa sumu ya chakula kuliko risasi. Ukiwa na kisa na mtu, huli mkononi mwake, hata akiwa shangazi yako. Na hawa walikuwa wamekula mkononi mwa Mapendo siku zote za matanga. Mama mmoja alitema tonge kwenye pembe ya kitenge chake, akijifanya anajifuta mdomo. Sahani zilishuka moja baada ya nyingine chumba kizima. Mapendo alipomtaja mama yake hakulia. Alipoziona zile sahani zinashuka, chakula chake alichokisimamia na mvuke na usiku wa sakafuni, ndipo uso wake ulipovunjika.

Nilisimama. Sikujua nakwenda wapi, nilijua tu kwamba siwezi kuendelea kukaa. Niliruka miguu ya watu nikafika mlangoni, hatua mbili kutoka kwa Mapendo, na hapo miguu ikagoma, si kwenda kwake, si kurudi godoroni.

Yaya Espé alikuwa hajaonja chakula kigumu tangu tangazo, alikuwa anaishi kwa chai. Alivuta beseni lililokuwa mbele ya wazee. Akamega bukari, akaifinyanga kwa vidole vyake vya kusukia, akachota sombe, akaweka mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Sote tulikuwa tunatazama koo lake. Akameza, kisha akasema kwa sauti ya kila Jumapili, "Mapendo. Inakosa munyu."

Mapendo alisimama kama hakusikia. Halafu akageuka jikoni akarudi na kopo la chumvi, akapiga goti mbele yake, akalishika kwa mikono miwili. Yaya akachukua chumvi akanyunyiza, akamega tena. "Papa Ilunga," akasema huku anatafuna, machozi yakimfikia kidevuni, "sema familia imesikia."

"Familia imesikia," Papa Ilunga akasema.

"Sema itabeba."

"Itabeba namna gani, mama?"

"Sijue. Sema."

"Familia itabeba," akasema Papa Ilunga, neno moja moja, kwa sababu safari hii alikuwa anajua amesema nini.

Mwanaume wa dirishani akaiokota sahani yake. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakila kidogo kidogo kama watu wanaoonja maji kabla ya kuoga. Bibi mmoja aliyechelewa kufika, ambaye hakuwa amesikia hata nusu ya yaliyosemwa, aliniona nimesimama mlangoni na kitenge cha msiba, nimewapa mgongo wafiwa na jikoni sijaingia. Katika matanga kila mtu huulizwa ni wa nani, ili ajulikane pa kukaa. Akauliza kwa sauti, "Na huyu amesimama hapa, yeye ni wa upande gani?"

Nilifungua mdomo. Mapendo alikuwa anapita na sahani mkononi, akirudi jikoni. Alisimama, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aliponiambia nirudi kwenye godoro langu.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni wa humu ndani."

Akanishikisha ile sahani, nami nikala nimesimama pale pale mlangoni.